Viti vya chuma vya barazani: rangi zipi za kupuliza ununue Malindi, kuanzia iliyo bora

Hapa Malindi viti vya chuma vya barazani havinunuliwi vipya mara nyingi. Hutoka kwenye majumba ya ufukweni, wenyewe wanapohama au kubadilisha samani, vikapakiwa kwenye tuktuk na kuuziwa anayewahi. Vyangu nilivipata hivyo: viti vinne vyenye migongo ya maua ya chuma, na meza ya duara, vyote vyeupe, vinang'aa ukivitazama kwa mbali. Nilipokigeuza kimoja miguu juu, kutu ilimwagika kutoka ndani ya bomba kama majani makavu ya chai. Vifuniko vya plastiki vya miguuni vilikuwa vimepotea zamani, na kila kiti kilipoburutwa kwenye sakafu yenye maji ya chumvi, bomba lilinyonya.

Nilikigonga kwa nyundo ndogo, mguu baada ya mguu. Kililia vizuri, hakikubonyea popote. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata shilingi moja ya rangi: chuma kinacholia bado kina uhai, kinachobonyea kinamhitaji fundi wa kuchomelea kwanza, na rangi ya aina yoyote juu yake ni pesa ya kutupa.

Viti hivyo nimevipaka mara mbili. Mara ya kwanza muuzaji aliniambia, "Dada, chukua hii, inakauka dakika kumi tu." Ilikauka kweli. Lakini masika hayajaisha, migongoni kulikuwa kumejaa malengelenge, na nilipotoboa moja kwa ukucha yalitoka maji ya rangi ya chai. Nilikuwa nimefungia chumvi ndani. Chumvi iliyobaki kwenye chuma huvuta unyevu kupitia rangi, maji yanakusanyika chini yake, na kutu inaendelea na kazi bila kuonekana. Tangu siku hiyo nikinunua rangi ya vitu vya nje, huuliza habari za koti la chini kabla ya kutazama rangi za juu, na orodha hii nimeipanga kwa msingi huo.

Nafasi ya kwanza: praima ya kutu, juu yake enameli ya mafuta

Hii ndiyo ninayompendekezea mtu wa kawaida mwenye viti vya kawaida. Praima ni rangi ya koti la chini; ile ya kutu, mara nyingi nyekundu ya udongo au kijivu, imetengenezwa ishike hata pale palipobaki kutu kidogo iliyokaza, na kwenye viti vyenye maua na vikunjo kutu haiishi yote kwa mkono hata usugue kutwa. Toa kwa brashi ya waya yote inayobanduka, piga msasa, osha, kausha, kisha puliza praima. Enameli ya mafuta juu yake hukauka polepole kuliko laka, ile rangi nyembamba inayokauka mara moja, lakini ikishakomaa ni ngumu na inastahimili kuburutwa.

Ina masharti mawili. Enameli nyingi za kopo hutaka koti la pili lipigwe ndani ya saa moja hivi, au usubiri siku moja hadi mbili. Soma kopo lako na ulifuate. Ukipiga katikati ya muda huo, koti jipya linalainisha la chini, na rangi yote hujikunja kama utando wa maziwa. Sharti la pili: nunua praima na rangi za kampuni moja. Laka ikipulizwa juu ya enameli ya mafuta huiinua na kuikunja, na mwenye duka hatakuambia.

Mafuta dhidi ya maji ya chumvi si jambo geni kwa watu wa bahari. Mafundi wetu wa majahazi walipaka mbao sifa, mafuta ya papa, na chini ya maji wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Kampuni ya rangi ya Rust-Oleum ya Marekani nayo ilianzishwa mwaka 1921 na nahodha kutoka Uskoti, Robert Fergusson, na historia yake inasema aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha yenye kutu yameizuia kutu isiendelee. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka babu yangu na debe lake la sifa, harufu yake haikutoka nguoni wiki nzima.

Nafasi ya pili: zinki, na akriliki juu yake

Kuna makopo ya kijivu yenye unga mwingi wa zinki. Kwa nguvu za kulinda chuma haya yanashinda praima ya kutu, maana zinki huliwa na chumvi badala ya chuma, hata rangi ikikwaruzwa. Nimeyaweka nafasi ya pili kwa sababu moja tu: zinki lazima iguse chuma chenyewe, cheupe, kinachong'aa. Juu ya kutu au juu ya rangi ya zamani haifanyi kazi yake. Kama una grainda yenye brashi ya waya, au fundi amekukatia mguu mbovu na kuchomea mpya, nunua kopo moja la zinki kwa ajili ya viungo hivyo vya kuchomelea na miguu. Hapo ndipo viti vya pwani hufia.

Juu ya zinki usipige enameli ya mafuta moja kwa moja. Zinki na mafuta hayo hugeuka kitu kama sabuni baada ya muda, na rangi inabanduka vipande vizima. Piga akriliki ya nje, yaani rangi ya utomvu wa plastiki, au koti la kati ambalo kopo la zinki lenyewe limelitaja.

Zilizobaki

Ya tatu ni kopo lililoandikwa 2K, lenye kikausho ndani yake ambacho hukipasua kwa kubonyeza kitufe cha chini. Rangi yake ni ngumu kuliko zote hapa, haisumbuliwi na mafuta ya jua wala ndimu wala kahawa iliyomwagika, na kwa uso wa meza nimetamani mara nyingi kuitumia. Bei yake hupita ya kopo la kawaida mara kadhaa, na ukishabonyeza kitufe una siku moja au mbili tu, kisha inagandia ndani. Lakini kilichoishusha hadi nafasi ya tatu ni afya. Kikausho chake kina kemikali ziitwazo isosianati, na hizo zinaweza kumletea pumu mtu ambaye hakuwa nayo. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii. Inatakiwa ile ya mpira yenye vichujio vya pembeni, glavu, na uwanja wazi usio na watoto. Kama huna barakoa hiyo, liache kopo hilo dukani.

Ya nne ni zile zinazodai kuwa rangi na praima kwa pamoja. Kwa kiti kilicho kizima kinachotaka kubadilishwa rangi tu, zinatosha. Kwa kiti chenye kutu, karibu na maji ya bahari, sizitegemei.

Ya mwisho ni laka ya bei nafuu inayokauka mara moja, ile inayotumika kurembea pikipiki na magurudumu. Koti lake ni jembamba, na hewa ikiwa na unyevu mwingi hubaki na ukungu mweupe juu. Ina kazi yake, kwa mfano fremu ya kioo cha ndani, lakini kiti cha barazani huku kwetu hakiwezi.

Kama viti vyako ni vya alumini, praima ya kutu haikusaidii: alumini haili kutu nyekundu, hutoa unga mweupe, na inataka praima yake maalumu inayouma uso wake kidogo ili rangi ishike. Viti vya plastiki vile vyepesi vya harusini vinakataa rangi karibu zote, kwa hiyo nunua kopo linalotaja plastiki waziwazi au kwanza piga praima ya plastiki, baada ya kuosha kwa sabuni na kuondoa ule utelezi kwa msasa laini. Na kiti cha mvule, tafadhali, usikipulizie rangi. Kisugue, kipake mafuta ya mbao, kikae kama kilivyo.

Rangi gani, na makopo mangapi

Nyeupe hupendwa sana, na haichomi ukikaa saa nane mchana, ila enameli nyeupe ya mafuta hugeuka manjano pale pasipofika jua, na tone la kutu linaonekana kutoka mlangoni. Nyekundu kali na rangi za waridi hupauka mapema. Zinazodumu juani ni zile zilizotokana na madini ya chuma: kahawia, nyekundu ya matofali, manjano ya udongo. Vyangu sasa ni vya nyekundu ya matofali, karibu na rangi ya maji ya Sabaki wakati wa mafuriko, na mahali praima inapochungulia hapaonekani.

Kopo la mililita 400 hufunika kiasi cha mita mraba moja na nusu hadi mbili kwa koti moja jembamba, tena kwenye uso mpana. Kwenye kiti cha nondo na maua, rangi nyingi hupita katikati na kwenda na upepo. Viti vyangu vinne na meza vilimaliza makopo matatu ya praima na sita ya rangi. Nunua yote siku moja, ulinganishe namba za bechi zilizopigwa chini, la sivyo kiti cha nne kitakuwa binamu wa vingine badala ya ndugu.

Ukiwa na viti zaidi ya sita, makopo hayana faida tena. Nunua praima na rangi ya galoni, umtafute fundi mwenye kompresa, na ukae naye akiwa anaosha, kwa kuwa mafundi wengi hupuliza vizuri lakini huosha haraka haraka.

Dukani, tikisa kopo kabla ya kulipa. Ndani kuna gololi; ikilia upesi, rangi ni nzima. Isipolia kabisa, au ikilia baada ya kuhangaika sana, rangi imeganda chini. Tazama ukingo wa juu na mshono, maana makopo yaliyokaa karibu na bahari huanza kula kutu hapo. Na usichukue lililokuwa dirishani likipigwa na jua: gesi inayosukuma rangi huwaka moto, na kopo halitakiwi kupita nyuzi joto 50.

Siku ya kupuliza

Osha viti kwa sabuni, na suuza mara ya mwisho kwa maji matamu, ya mfereji au ya mvua. Maji ya munyo ya kisima yatarudisha chumvi uliyokuwa ukiiondoa. Kaushia juani mpaka ndani ya mabomba pakauke, miguu ikiwa juu.

Upepo nao una usemi. Kusi ikivuma, rangi hukauka hewani kabla ya kufika kwenye kiti, na uso unakuwa na chenga kama mchanga. Mimi husubiri tangambili, au siku tulivu za kaskazi, nikaanza saa mbili na nusu asubuhi umande ukishakauka, na kufikia saa nne na nusu upepo wa bahari ukiamka nimeshaweka kopo chini. Tikisa dakika moja hadi mbili baada ya gololi kuanza kulia. Shika kopo sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye kiti, anza kupuliza nje ya ukingo, pita, uachie nje ya ukingo wa pili. Makoti matatu membamba. Anza na chini ya kiti, kikiwa kimegeuzwa, umalizie juu. Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini na upulize mpaka itoke gesi tupu, ili tundu lisizibe.

Miguuni, vifuniko vipya vya mpira. Bila hivyo bomba litaanza kunyonya tena mwezi huohuo.

Kwa ndugu zetu wa Amu (Lamu), ambako daka la mlangoni na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, ndivyo baraza, ushauri wote ni uleule isipokuwa safari. Makopo haya hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, hata moja, kwa hiyo mgeni anayekuja kwa ndege asiagizwe. Agizeni kwa njia ya barabara mpaka gati la Mokowe, upande wa bara, na kwenye boti myaweke kivulini, yakiwa wima, mbali na injini.