Sony A7R III baada ya miaka mitatu ya harusi za Mombasa: uzoefu wangu

Nianze na picha moja manake ndiyo iliyonifanya niipende hii kamera kweli kweli. Mwaka jana nilipiga picha za kupamba, ile shughuli ya harusi ya kina mama, huku Mombasa, shughuli ikaisha salama, wiki mbili baadaye bi harusi akanipigia akaniuliza dada, nyanya yangu una picha yake? Huyo nyanya hapendi picha, ukimuelekezea kamera anajifunika uso na leso, na usiku ule wote sikuwa nimempiga hata moja. Nikapitia folda nzima mpaka nikafika kwenye zile picha za mwanzo, za ukumbi, nilizompigia mpambaji wa ukumbi ili abaki na kumbukumbu ya kazi yake kabla watu hawajasimama kucheza, na kwenye moja huko nyuma karibu na nguzo nyanya huyo hapo, ameketi, leso iko mabegani, anacheka na mama wa pembeni yake. Nikakata kile kipande. Kilitoka kama pikseli 2,000 kwa 1,500, nikaprinti inchi 8 kwa 6, na maneno ya leso yanasomeka, Mungu ndiye mpaji, herufi moja moja. Kamera yangu ya zamani ilikuwa Canon 6D ya megapikseli 20, kipande kile kile kingetoka kama 1,400 kwa 1,000 na nisingethubutu kukiweka kwenye karatasi ya ukubwa ule nikampa mteja.

Kwa asiyeijua, hii A7R III ilitangazwa Oktoba 2017, ni mirolesi, yaani haina kile kioo cha ndani kinachoruka ukibonyeza, unachoangalia kwenye kijidirisha ni skrini ndogo, na sensa yake ni fulu-fremu, ukubwa ule ule wa fremu ya filamu ya 35mm waliyotumia wazee wetu studio. Megapikseli ni 42.4, picha moja ina upana wa pikseli 7,952 na kimo 5,304. Ukiprinti kwa pikseli 300 kwa inchi unapata karibu sentimita 67 kwa 45 bila kuikuza picha hata kidogo. Mimi niliipata ya mkono wa pili, mwili peke yake, na kazi yangu kubwa ni shughuli za kina mama, kupamba, kesha, siku ya hina, zile ambazo mwanamume hapiti mlangoni na simu zinakusanywa. Kwa hiyo haya ninayosema yanatoka huko, mtu anayepiga mpira au wanyama Tsavo atakuwa na yake.

Hina na piko ndipo inaponipa raha. Mkono wa bi harusi ukiupiga na lenzi ya 85mm kwa mwanga wa dirisha, ukija kufungua kwenye laptopu unaona pale mchoraji alipoinua ncha na pale alipoirudisha, unaona piko imekolea zaidi kwenye kiganja kuliko juu ya vidole, unaona nyuzi za dhahabu za mkono wa gauni moja moja. Wachoraji wenyewe wananiomba hizo picha wazitundike. Kofia za kiua hivyo hivyo, nilimpigia mshonaji mmoja kofia zake, kila tundu linaonekana limezungushiwa uzi vipi, na hapo ndipo nikaelewa kwa nini kofia nzuri inachukua miezi kushonwa.

Mwanga mdogo nao inaumudu kuliko nilivyoogopa. Nilikuwa nimeshikilia kwamba megapikseli nyingi ni chenga nyingi, zile punje punje za gizani, na ni kweli ukizumu mpaka mwisho utaziona, lakini ukiishusha picha iwe na ukubwa sawa na ya kamera ya megapikseli 20 zile chenga zinazama. Napiga ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, 3200 bila wasiwasi, 6400 nikibanwa, zaidi ya hapo natoa flashi. Na kivuli unaweza kukiinua sana kwenye RAW, yaani faili ghafi ya kamera, bi harusi yuko jukwaani na taa nyuma yake, uso umekuwa giza, unauvuta unarudi na rangi yake.

Fokasi ya jicho ndiyo iliyonitoa Canon, siwezi kuficha. 6D ilikuwa na pointi 11 za fokasi na ya kuaminika gizani ni ile ya katikati tu, hii ina 399 zimetapakaa sehemu kubwa ya fremu na inalishika jicho la mtu anayetembea kuja kwako. Lakini angalia programu ya ndani iwe toleo la 3.0 au zaidi, lile lililotoka Aprili 2019, manake kabla yake fokasi ya jicho ilikuwa lazima ushikilie kitufe chake na baada yake inajiwasha yenyewe ukibonyeza shata nusu. Wengi wanaonunua ya mkono wa pili hawaangalii hili, halafu wanasema kamera ni nzito kushika fokasi. Na kuna kitu kimoja maharusi wetu watawaonyesha, kope za bandia. Ukiwa karibu na 85mm umefungua tundu la lenzi mpaka f/1.8, fokasi inakaa kwenye ncha za kope na mboni inakuwa laini kidogo. Mimi nikiwa karibu hivyo nafunga mpaka f/2.8 na tatizo linaisha.

Sasa shida zake, na hapa naomba mtu asome mpaka mwisho kabla hajatoa hela yake.

Faili. Jamani faili. RAW iliyobanwa ni kama MB 42 kwa picha moja, isiyobanwa ni karibu mara mbili, MB 80 na kitu, na hakuna ile ya katikati inayobana bila kupoteza chochote. Kupamba moja narudi na picha 1,800, hiyo ni GB 75 kwa usiku mmoja ukitumia ya kubana, na ukipiga harusi tatu mwezi mmoja na kila moja unaiweka mahali pawili utaona jinsi diski inavyoyeyuka. Miezi ya kwanza laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 8, nikifungua picha naenda jikoni naweka chai narudi bado inazunguka, na mteja mmoja nikamchelewesha albamu yake wiki nzima, kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya na kiliniuma sana. Ikabidi ninunue RAM, ninunue SSD ya TB 1 ya kazi zinazoendelea na diski mbili kubwa za kuhifadhi. Hizo hela sikuwa nimezipangia. Mtu akikuuzia hii kamera anakutajia bei ya mwili, laptopu hakutajii. Siku hizi nabana, sijawahi kuona tofauti kwenye albamu hata mara moja.

Kadi pia. Ina nafasi mbili na hilo ni jema sana, naandika picha zote kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja na kupamba hakurudiwi, kwangu hilo pekee linatosha kunifanya nisirudi kwenye kamera ya kadi moja. Lakini nafasi ya haraka ni moja tu, namba 1, na namba 1 iko chini, ya juu ni namba 2. Nilikaa wiki nimeweka kadi nzuri kwenye nafasi ya pole pole nashangaa. Halafu ukiandika kwenye zote mbili, ile ya pole pole ndiyo inaamua mwendo, ukipiga mfululizo wakati bi harusi anaingia kamera inabaki inaandika, na mambo mengine kwenye menyu yanafungwa mpaka imalize.

Menyu yenyewe ni kurasa juu ya kurasa, na skrini ya kugusa kazi yake hasa ni fokasi, menyu haigusiki. Dawa yake ni ile menyu yako binafsi, weka vitu kumi unavyovitumia kila siku na hizo kurasa nyingine zisahau.

Megapikseli nyingi zinataka mkono uliotulia. Sheria ya zamani kwamba lenzi ya 85 inatosha 1/80 ya sekunde hapa inakuangusha, ukizumu utaona picha imetikisika kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachokula ile faida yote uliyoilipia. Sensa ina utulivu wake wa ndani na kwa vitu visivyosogea unasaidia mno, nimepiga msikiti usiku kwa mkono kwa 1/8 na imekaza, ila utulivu wa ndani haumzuii mama anayecheza chakacha. Kwa watu napiga 1/250 na kupanda. Lenzi vile vile. Nilianza na adapta na zumu yangu ya zamani ya bei rahisi, nikajuta, pembe zote zilikuwa zimefifia. Nilipoweka Tamron 28-75mm f/2.8 na Sony 85mm f/1.8 ndipo nikaona kamera niliyonunua, na hizo mbili ziko chini ya kilo moja zote pamoja, mgongo wangu unashukuru.

Shata ya kimya. Kanisani, padri anasali, hausikii hata chembe, ni raha. Lakini sensa kubwa ya pikseli nyingi namna hii inasomwa polepole, mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, na chini ya taa za LED zinazopepesa unapata milia, giza na mwanga, giza na mwanga, imekatiza picha nzima. Niliiacha kimya kwa kusahau ukumbini na picha kama arobaini za keki zikawa na milia, kosa langu, na hakuna kuediti kunakoiondoa vizuri. Ukumbini tumia shata ya kawaida, nakuomba.

Kitambaa nacho. Hii sensa haina ule utando wa mbele unaolainisha, ndiyo maana inakata hivyo, lakini nyavu za shela na vitambaa vyenye mistari myembamba mara nyingine vinatoa mawimbi ya rangi ambayo hayako kwenye nguo. Nikiyaona kwenye skrini nasogea hatua moja mbele au nyuma na aghlabu yanapotea.

Na ngozi. Hili wateja ndio walionifundisha. Kamera inaonyesha kila kitu, poda iliyokauka kando ya pua, mstari wa foundesheni shingoni, chunusi ambayo kioo cha nyumbani hakikuionyesha. Bi harusi mmoja niliwahi kumfungulia picha yake nimezumu, nikitaka afurahie ukali wake, na nikamuona uso umembadilika. Sikurudia tena. Sasa naonyesha picha nzima, na kabla ya kupiga namwambia anayempamba uso apite tena na brashi. Rangi za ngozi pia, mimi naona kamera ikiachwa ichague joto la rangi yenyewe chini ya taa mchanganyiko inaelekea ukijani kidogo, Canon ilikuwa inanipa wekundu mzuri wa ngozi zetu bila kuhangaika. Nimejitengenezea mpangilio wangu wa kuediti na naliweka hilo joto kwa mkono, Kelvin 3,800 au 4,000 kutegemea ukumbi.

Betri sina la kulalamika, kwa vipimo ni picha 530 ukitumia kijidirisha na 650 ukitumia skrini, mimi kwa harusi napata zaidi ya hapo na mbili zinanitosha usiku kucha. Mwili ni gramu 657 na betri yake lakini ni mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia, na ukiweka flashi juu baada ya masaa manne kiganja kinachoka. Nikanunua kile kibao cha chini cha kurefusha mshiko, cha bei ndogo tu, kikasaidia.

Kwa sisi wa pwani kuna la vumbi na chumvi. Ukitoa lenzi sensa iko wazi kabisa, hakuna kinachoifunika, na kubadilisha lenzi pale ufukweni Mama Ngina na upepo wa kusi unavuma ni kualika madoadoa yatakayoonekana kwenye anga ukifunga f/11. Mimi nabadilishia ndani ya gari au ndani ya mkoba, mdomo wa kamera ukiangalia chini. Nyumbani inalala kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana na vipakiti vya silika, fangasi ya lenzi hapa kwetu haimuonei mtu huruma.

Kuna kitu kingine inafanya sikutarajia kukitumia, inapiga picha nne huku ikisogeza sensa pikseli moja moja, kisha unaziunganisha kwenye kompyuta. Kwa watu haifai, hata jani likitikisika linaharibu. Lakini nilipiga mlango mmoja wa nakshi Mji wa Kale, asubuhi na mapema, kamera juu ya stendi, na ule mlango ukatoka na kila alama ya patasi ya fundi. Huo nimeuprinti upana wa mita moja na uko sebuleni kwangu.

Wengine wananiambia nihamie A7R IV ya megapikseli 61. Nimeishika, fokasi na mshiko ni bora, lakini nikifikiria faili zile kwa harusi zangu nasema hapana, hizi 42 tayari zinanitosha na kubaki. Na kama picha zako zote zinaishia WhatsApp na Instagram, mwenzangu, A7 III ya megapikseli 24 itakupa fokasi karibu sawa kwa hela kidogo na laptopu yako haitalia. Hii ni ya mtu anayeprinti, anayetengeneza albamu, anayekata picha baadaye kama nilivyokata ile ya nyanya.

Ukiamua kutafuta ya mkono wa pili, nenda na kadi yako na lenzi yako. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uangalie madoa, jaribu nafasi zote mbili za kadi, kunja na kunjua skrini uone kama inazima, na uliza idadi ya shata. Ilitengenezwa kuhimili kama 500,000. Yangu ilikuwa na 38,000 nilipoichukua, leo iko 112,000, na bado inalia vile vile.