Mashine ya presha ya nyumbani: inunue, lakini kliniki usiiache

Tuanze na hukumu. Mashine ya kupimia presha inayofungwa mkono wa juu, yenye mkanda unaokutosha, ni kitu cha kununua ikiwa nyumbani kuna mtu mwenye presha. Ile ya kufunga kifundoni mwa mkono iache dukani, hata kama ndiyo ya bei ndogo. Na aliyeinunua wakati wa korona ili asikanyage tena spitali, kanunua kitu kizuri kwa sababu mbovu.

Sababu hiyo inafaa kuangaliwa kwanza, maana ndiyo iliyozitia mashine hizi kwenye makabati mengi ya Unguja na Pemba. Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa janga la dunia Machi 11, 2020, na mwezi huohuo mgonjwa wa mwanzo akatangazwa Zanzibar. Mei mwaka ule Shirika hilo liliziuliza nchi 155 juu ya huduma za maradhi yasiyoambukiza. Asilimia 53 zilisema matibabu ya presha yamekatika, kwa sehemu au kabisa. Marekani, hadi Juni 30, watu wazima 41 katika kila 100 walisema wameahirisha au wamekwepa matibabu kwa kuihofia korona, na 12 kati ya hao 100 walikwepa hata matibabu ya dharura.

Kwetu hakukuhitajika uchunguzi kuzijua sababu. Benchi la kliniki lilikuwa limejaa watu wanaokohoa, na mzee wa miaka 70 mwenye presha na sukari alishaambiwa redioni kwamba yeye ndiye wa kuogopewa zaidi. Mwenye mafua ya kawaida alihofia kupimwa joto mlangoni, akakutwa na homa, akatengwa na watu wake. Fedha nazo zilikatika: wageni walipoacha kuja, hoteli za Nungwi na Paje zikafunga na mishahara ikasimama. Matibabu ya serikali yalikuwa bure, lakini nauli haikuwa bure, wala dawa uliyoikosa dirishani ukaambiwa kainunue nje. Kwa mtu wa Kojani au Tumbatu kuna na kuvuka maji.

Kisha ikaja habari ya dawa zenyewe. Dawa za presha za jamii ya enalapril na losartan zinafanya kazi kwenye mfumo wa mwili unaohusiana na kile kipokezi ambacho kirusi cha korona hukitumia kuingilia ndani ya seli. Watafiti wakauliza kama zinaongeza hatari. Swali likaenea kwenye simu kama jibu. Vyama vya madaktari wa moyo vilisema Machi ileile ya 2020 kwamba wagonjwa wasiache dawa zao, na tafiti zilizofuata ziliunga mkono, ila nusu hii ya pili ya habari haikuwa na mbio kama ya kwanza.

Sababu kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni kwamba presha haiumi. Mwenye jino bovu angevuka foleni yoyote. Mwenye presha ya 170/100, yaani ya juu 170 na ya chini 100, anakunywa kahawa yake barazani, anajihisi mzima, na hofu ya korona inamshinda bila ya ubishi. Hapo ndipo mashine inapostahili bei yake: inamwonyesha namba mtu asiyeumwa. Hofu ya benchi inaipunguza pia, kwa sababu hulazimiki kwenda kupimwa tu. Nauli haikulipii, dawa haikupi, na uvumi wa dawa haiujui.

Tuje kwenye chombo chenyewe. Ndani ya boksi kuna mashine yenye kioo, mkanda wenye mpira, kijitabu, na mara nyingi betri 4 za AA. Unabonyeza, mkanda unajaa upepo, unalegea polepole, unapata namba tatu: presha ya juu, ya chini na mapigo ya moyo. Haisikilizi kama daktari mwenye kipimo cha masikioni. Inahisi mtikisiko wa mshipa ndani ya mkanda. Kwa hivyo ukicheza vidole, ukizungumza, au ukijipima ndani ya daladala, itaandika alama ya kosa au, jambo baya zaidi, itakupa namba ya uongo iliyonyooka kabisa. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio asiiamini peke yake. Apimwe na mtu.

Mkanda ndio kila kitu, na ndio usiotazamwa na wanunuzi. Mingi inayokuja na mashine ni ya mkono wa sentimita 22 hadi 32, na imeandikwa hivyo ubavuni. Chukua futi ya fundi cherehani, pima unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Ukipata 34, mkanda huo si wako, hata kama unafunga. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba: kwa mtu anayehitaji saizi moja zaidi kosa la presha ya juu ni kama 5, na kwa anayehitaji saizi mbili zaidi linakaribia 20. Hiyo 20 inatosha kumtia mtu kwenye dawa asizozihitaji. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hufanya kinyume, na mwenye presha anaambiwa mzima. Ipo mikanda ya 22 hadi 42 inayofaa watu wengi nyumba moja. Ikiwa mke na mume hawalingani mikono, ulizia hiyo. Hakikisha pia duka linauza mkanda peke yake, kwa sababu ndio unaochakaa mwanzo.

Kupima kwenyewe kuna adabu zake. Nusu saa kabla, hakuna kahawa, sigara wala kazi ya kutoa jasho. Nenda msalani kwanza, kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kaa kitini, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, utulie dakika 5. Jamvini na barazani pasipo na pa kuegemea hapafai kwa kazi hii. Mkono ulale juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo. Mkono unaoning'inia huongeza hadi 10, na wengi hapa hupima hivyo. Funga kwenye ngozi tupu, si juu ya kanzu wala mikono ya baibui, na kukunja nguo hadi ikabana begani ni makosa vilevile. Ukingo wa chini wa mkanda uwe kama sentimita 2 juu ya kiwiko, na mpira upite upande wa ndani wa mkono. Kimya. Usimjibu mtu, hata kwa salamu.

Pima mara mbili, dakika moja kati yake. Fanya asubuhi kabla ya dawa na kabla ya kula, na jioni kabla ya kulala, kwa siku 7. Ramadhani, ya asubuhi iwe kabla ya daku, na ukirudi tarawehe pumzika kwanza. Siku ya kwanza itupe, mtu huwa bado ana wasiwasi na chombo. Zinabaki namba 24. Hizo ndizo za kutafutia wastani. Ziandike kwenye daftari la skuli, tarehe, saa, ya juu, ya chini. Kumbukumbu ya mashine haiaminiki kwa hili, kwani jirani akipita akajipima, presha yake imeshaingia kwenye wastani wako. Na tafadhali andika namba. Neno «nzuri» halimsaidii daktari.

Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, presha iko juu, ingawa kipimo cha kliniki ni 140/90. Tofauti ipo kwa sababu watu wengi hupanda kidogo mbele ya daktari.

Ukiona 180/120 au zaidi, tulia dakika 5, rudia. Ikibaki hapo na kuna maumivu ya kifua, pumzi kukatika, uso au mkono kulegea, ulimi kuwa mzito au macho kuingia kiza, ni spitali wakati huohuo. Ikiwa hakuna dalili hizo, onana na daktari siku hiyohiyo, lakini usimeze vidonge viwili kwa pamoja, usiazime kidonge cha jirani, wala usifikirie kitunguu thomu kitaishusha kwa nusu saa. Presha ikishushwa kwa pupa, damu inaweza kukosekana kwenye ubongo.

Sasa lile ambalo halimo kwenye boksi. Kliniki ya presha haipimi presha tu. Kuna mkojo kuangaliwa protini, damu kuangaliwa kreatinini (taka inayoonyesha hali ya figo) na potasiamu (madini ya mwilini) kwa wanaotumia losartan au enalapril, kuna sukari, kuna macho. Figo zinaweza kuharibika huku daftari lako limejaa 128/80. Mjamzito ndiye wa kuangaliwa zaidi: mashine nyingi hazikuthibitishwa usahihi wake kwa wajawazito, na akipata 140/90, tena akiwa na kichwa kinachomgonga au anaona vimulimuli, ni spitali siku hiyo, hata ikiwa kipimo kinachofuata kimeshuka.

Hatari tunayoiona kubwa zaidi ni namba nzuri. Mtu ana kifua kinabana, anajipima, anapata 130/80, anarudi kulala. Mshtuko wa moyo haungoji presha ipande, na kiharusi kinaweza kumpata mtu mwenye namba za kawaida. Kwa dalili hizo mashine isitolewe hata kabatini. Wakati wa korona wengi walikuwa wakitafuta kitu cha kuwapa ruhusa ya kubaki nyumbani, na namba kwenye kioo ni ruhusa rahisi mno.

Janga jingine likija, kinachofaa kufanywa na kliniki kinajulikana: mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, kama inavyofanyika kwa wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI, asome namba zake kwa simu, na aje kwa vipimo vya damu tu kwa siku na saa aliyopangiwa. Mashine bila ya mpango huo ni nusu ya kazi.

Hewa yetu ya chumvi inazila mashine hizi. Betri zikiachwa ndani miezi kadhaa huvuja, na vijibati vyake huota ukungu wa kijani. Zitoe ikiwa hutumii. Betri dhaifu huifanya isimalize kujaza upepo. Usiweke dirishani wala jikoni, na mpira usiukunje kwa kuuzungushia mashine, maana hupasuka pale unapoingia.

Kabla ya kulipa, tafuta jina na namba ya toleo kwenye orodha ya STRIDE BP mtandaoni, yenye mashine zilizothibitishwa usahihi wake. Fungua boksi hapohapo dukani, iwe Darajani au Chake, jipime, uone mkanda hauvuji upepo. Kisha ipeleke kliniki kwenye tarehe yako, mhudumu akupime kwa chombo chao na wewe kwa chako, mkono uleule, mkipokezana mara mbili tatu. Tofauti ikizidi 10 kila mara, irudishe. Kwa hivyo risiti usiitupe.