Wamemrusha marehemu wetu, wakaandika "leo"

Taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwenye ile stesheni tuliyoizoea, mimi basi. Sitaki kuisikia. Mnivumilie, bado nina hasira.

Ilikuwa wiki ya zile mvua kubwa, bonde la Jangwani hapa Dar es Salaam limeshajaa maji. Tumekaa sebuleni na shangazi yangu, anayeishi nasi tangu afiwe na mumewe. Ikaja picha: maji ya kiunoni, watu wanavuka, mzee mmoja ana godoro kichwani, amelishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia kainua viatu. Pembeni wameandika "Dar es Salaam, leo". Shangazi akaweka kikombe chini. "Huyu si baba yao?"

Ndiye. Tulimzika kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi.

Picha ile ni ya Desemba 2011, mafuriko yaliyowatoa watu bondeni mpaka wakahamishiwa Mabwepande. Nyuma ya marehemu hata barabara ya mwendokasi haipo, na mabasi yale yalianza kazi 2016! Mtu yeyote anayepita Jangwani angeona. Ina maana chumba kizima cha habari hakuna aliyeitazama picha kabla ya kuirusha?

Kesho yake nikapiga simu. Akapokea kijana, nikamweleza taratibu. Akanijibu: "Sasa dada, mafuriko si yapo? Picha ya mafuriko ni picha ya mafuriko." Nikamwambia mngeandika "picha ya maktaba", maneno matatu tu. Akakata simu. Hata pole hakusema.

Tangu hapo kila kitu chao nakiona kwa jicho lingine. Usiku uleule mtangazaji alisema mabasi yanapita Jangwani, huku maandishi yanayopita chini ya kioo yakisema njia imefungwa. Mdogo wangu alikuwa amekwama Kivukoni, tukashindwa tumwambie nini. Mwisho alilipa bodaboda ikamzungusha kwa daraja la Salenda, akafika nyumbani ameloa chapachapa.

Nisiwadhulumu lakini. Picha ile ya 2011 waliipiga wao wenyewe. Mwandishi wao aliingia majini pamoja na watu wetu na kamera yake, na ndiyo sababu nyumbani kwetu hatukuwa tukifungua stesheni nyingine. Ni watu wanaoijua kazi. Ndiyo maana inauma zaidi: kanda ni yao, tarehe wanaijua, wakaifuta. Kama leo wanaweza kumfufua marehemu kwa kuandika neno moja, nitaaminije wakisema fulani kafariki, au barabara fulani imefunguliwa?

Najua kuna Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na barua ya malalamiko nimeshaianza. Nilipomsomea shangazi, akanisimamisha. Haitaki hiyo barua. Anaogopa wakibanwa wataifuta ile picha, na yeye hana picha nyingine ya mumewe akiwa anatembea. Zote alizonazo amesimama, amekaza uso kama watu wanavyofanya studio.

Kwa hiyo nilisema nimeacha kutazama, lakini televisheni kwetu haizimwi. Ikifika saa mbili shangazi anavuta kiti chake karibu na kioo, na mvua ikinyesha anatuomba tusiongee.