Stingray City na watoto wadogo: inafaa, ila chagueni boti vizuri

Jamani mnaoenda kisiwa cha Grand Cayman, kule Karibi, na meli ya kitalii mkiwa na watoto, hii safari ya Stingray City ya kuogelea na taa (wale samaki bapa wenye mkia mrefu, stingray) msiiogope. Pale kwenye fungu la mchanga maji ni kama mita 1 hivi, mtu mzima anasimama vizuri tu, lakini mtoto wa miaka 4 hafiki chini kwa hiyo jaketi la kuokolea ni lazima na umbebe muda wote. Taa wenyewe wapole sana, wamezoea watu tangu zamani wavuvi walipokuwa wanasafishia samaki hapo na kutupa mabaki, so wanakuja wenyewe wanakupapasa miguuni, na hapo ndo mtoto wangu mdogo alilia kweli, mkubwa yeye hakutaka kutoka! Waambieni waburuze miguu mchangani, wasikanyage, maana mwiba uko mkiani. Kilichoniudhi ni boti yetu, watu walijazwa mno na majaketi ya saizi ya watoto hayakutosha, hiyo haikubaliki kabisa. Ulizeni kabla ya kulipa. Nyota 4, ingekuwa 5.