TAHADHARI: Silikoni feki ya gasketi ya sampo inaua injini

Mafundi na wenye magari, kuna muuzaji wa mtandaoni anayesambaza tyubu za silikoni ya gasketi, yaani dawa ya kuziba maungio ya injini, ambazo hazifai kabisa kwa injini. Nje zina nembo ya kampuni inayojulikana, na maandishi yanadai dawa inahimili joto na oili, tena haidhuru sensa (vipima vya kielektroniki vya injini). Nimeshusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) ya gari lililofungwa kwa dawa hiyo. Silikoni ilikuwa imevimba na kulainika kama jeli, inabanduka kwa kidole, na vipande vyake vimejaa kwenye chujio la pampu ya oili.

Hilo la chujio ndilo linaloniuma. Sampo ikivuja utaona doa chini ya gari, utaongeza oili na kurudi gereji. Chujio likiziba, nje huoni kitu. Presha ya oili inashuka, beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zinakosa oili, na taa nyekundu ya oili inapowaka huenda zimeshasagika. Lawama zote zinamwangukia fundi, na muuzaji hapokei tena simu.

Tyubu zake zinatambulika. Utando wa mdomoni umeshatobolewa kabla hujafungua. Mkiani hakuna namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Lebo ni karatasi iliyobandikwa, na ukiikwangua unakuta maandishi mengine chini yake. Halafu inanuka siki. Hapa tuwe waangalifu: zipo silikoni halali za injini zenye harufu hiyo, kwa kuwa zinapokauka hutoa asidi asetiki. Lakini asidi hiyo inaweza kula metali, kwa hiyo tyubu inayojitangaza kuwa salama kwa sensa huku inanuka siki ni ya kutiliwa shaka. Silikoni nyingi za madirisha na bafu ni za aina hii ya siki, na hazikutengenezwa kukaa ndani ya oili ya moto.

Usishawishiwe na rangi pia. Nyekundu, nyeusi au kijivu ni rangi tu iliyochanganywa. Soma mtengenezaji anasema nini kuhusu oili. Na akikuambia "paka, funga, washa baada ya dakika tano", mkimbie. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani. Ngozi ya juu hushika kwa dakika chache, lakini kukauka kabisa huchukua kama saa 24, na zaidi kukiwa na baridi au hewa kavu.

Ukiwa na shaka, kamua kidogo juu ya nailoni, iache ikauke siku nzima, kisha itumbukize kwenye oili ya injini yenye uvuguvugu kwa siku kadhaa. Kuvimba kidogo si ajabu. Ikigeuka ute au ikikatika ukiivuta, itupe.

Hata silikoni halali ikipakwa ovyo huleta balaa lilelile, kwani ya ziada hubanwa ikaingia ndani na kukatika. Kwangua ya zamani yote, futa oili mpaka chuma kikauke, kisha paka mstari wa milimita 2 hadi 3 usiokatika, ukizunguka matundu ya bolti. Gasketi ya mpira huwekwa kavu, isipokuwa kwenye kona za kava ya taimingi (kifuniko cha mnyororo au mkanda wa taimingi) pale kitabu cha gari kinapoelekeza. Kaza bolti kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha kitabu. Nyingi ni ndogo na hazitaki nguvu. Ukizidisha, sampo ya bati inapinda na itavuja tu.

Kama umeshafunga gari kwa tyubu za namna hii, usisubiri livuje. Mwaga oili, shusha sampo, safisha chujio, na usiwashe injini kabla ya hapo.