Fundi wa kanzu anayesahihisha bila kufedhehesha

Nilipeleka kitambaa kwa fundi mmoja wa kanzu karibu na soko la Darajani, Unguja, na nilipokwenda kuichukua kabla ya Idi nilikuta mikono imepungua inchi 2, kwa sababu kijana anayejifunza kazi alikata bila kurudia vipimo. Nilitarajia makaripio, kwa kuwa nimeshuhudia mara nyingi wanagenzi wakitukanwa mbele ya wateja, jambo ambalo mimi hulichukia sana. Mzee yule alinitaka radhi kwanza, akaniagizia kahawa, kisha akamwita kijana kando na kumwambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, lete futi tupime tena, umeona ulipokosea?" Kijana akajibu, "Nimeona, fundi, uniwie radhi," akapewa kitambaa kingine, kilichonunuliwa kwa fedha za duka, akakikata mwenyewe huku mzee akiwa amesimama ubavuni pake. Kanzu hiyo imenikaa vizuri mabegani na tarizi ya shingoni ni safi, ingawa ilichelewa na Idi ikanikuta na kanzu ya zamani. Mwanangu anayetaka kujifunza ushonaji nitampeleka hapo hapo.