Kipimo cha aleji cha plasta mgongoni, Mombasa: siku za kusoma majibu

Naipa kliniki hii ya ngozi nyota tatu kati ya tano. Wanajua kubandika. Tatizo ni kwamba walisoma majibu mara moja tu, siku ya kubandua, wakafunga faili.

Kila plasta ina vikombe vidogo vya alumini vya milimita 8, na kila kikombe hutiwa takriban miligramu 20 za dawa ya kupimia, yaani kitu kinachoshukiwa kuleta aleji, iliyochanganywa na vaselini. Hukaa mgongoni saa 48. Zikishabanduliwa, ngojeni nusu saa kabla ya kusoma, maana ngozi iliyobanwa hubaki nyekundu yenyewe, na mwenye haraka ataiita aleji.

Aleji ya kugusa huja polepole, kwa kuwa askari wa mwili huchukua siku kadhaa kukusanyika pale penye dawa. Kati ya saa 72 na 96 aleji ya kweli hupanda au hushikilia, muwasho mtupu, yaani ngozi kukereka tu bila aleji, hufifia. Ukisomwa saa 48 peke yake, huwezi kuvitenganisha. Aleji ya neomaisini (dawa ya kuua bakteria) na ya krimu za steroidi (za kutuliza uvimbe wa ngozi) huweza kujitokeza siku ya 7. Kwa hiyo dai hivi: Jumatatu kubandikwa, Jumatano kubanduliwa na kusomwa, Ijumaa kusomwa tena, Jumatatu ya pili kumalizia.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Anayesoma aweke taa ubavuni, kisha apitishe ncha ya kidole taratibu juu ya kila duara: pale palipoinuka na kukaza, penye vipele au malengelenge, ndipo pa kuandikwa.

Halafu kuna jasho letu. Kaskazi ikishika, kingo za plasta huinuka, na kikombe kilichoachia ngozi hakina jibu lolote. Omba tepu ya ziada pembeni, oga kuanzia kiunoni kushuka, na mgongo usiguse maji hadi kusomwa kwa mwisho. Alama za kalamu zinazoonyesha kila kikombe kilipokaa zikifutika, namba zote zimepotea. Asiye na haraka asubiri kusi, Juni hadi Agosti.

Aliyewahi kuvimba kwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchora mwilini, aseme mapema kabisa. Parafenilinidiamini iliyomo kwenye piko imo pia kwenye plasta, na kwake inaweza kutoa lengelenge kubwa. Ikianza kuchoma vikali, hiyo moja ibanduliwe kabla ya saa 48. Na krimu ya steroidi mgongoni iachwe wiki moja kabla, la sivyo majibu yatazimwa.